Mikono Inayotangulia Watoto

Mwalimu hakuanza na bembea. Alisimama nje ya uwanja, akalivuta geti hadi mwisho, akaliachia, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu. Geti likajirudi taratibu, likagota kwenye nguzo alipofika sita. Akaandika namba hiyo daftarini. Likijifunga chini ya sekunde nne, alituambia, litamkumba mtoto mgongoni. Likizidi nane, mbwa ataingia, au mtoto wa miaka miwili atatokea barabarani mama yake akiwa bado anahangaika na mkoba. Kisha akachukua kijiti chenye unene wa milimita 12, akakipitisha kwenye upenyo wa upande wa bawaba, akakishusha kutoka juu hadi chini bila kukinyanyua, kama anayefuatisha mstari wa msahafu kwa kidole. Pakibana kijiti, patabana na kidole cha mtoto. Hapakubana. Tulikuwa watu wanane nyuma yake, dakika kumi zimekwenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia ndani.

Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo ya wakaguzi wa viwanja vya kuchezea watoto, katika mji mdogo wa Northamptonshire, Uingereza. Jirani na hapo ni Kettering, ambako mhandisi Charles Wicksteed alifungua bustani kubwa mwaka 1921, na kampuni yake ikajulikana kwa kuunda bembea na mitelezo ya watoto. Ni nchi iliyozoeana na vyuma vya kuchezea kwa muda mrefu, na yenye wazee wengi wanaoweza kukuonyesha kovu la goti walilolipata kwenye lami chini ya bembea. Nilikuwa nimekwenda kuandika habari fupi tu. Nikabaki hadi jioni, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mzima akikitazama kiti cha bembea kwa makini namna ile.

Wanafunzi walikuwa mchanganyiko: wakata nyasi wawili wa halmashauri, mhudumu wa shule ya awali, seremala mstaafu, wengine wa ofisini. Na bwana mmoja kutoka Lubumbashi, ambaye sasa anahudumia bustani za mji. Aliposikia jina langu alihamia Kiswahili hapo hapo. "Dada, kule kwetu mi nilikuwa fundi wa kinga," akaniambia, kwa maana ya baiskeli. Nililishika neno hilo asubuhi, na kabla ya mchana nikaelewa kwa nini lilikuwa na uzito.

Siku ya kwanza ilipita darasani, nami sitaisimulia sana. Ilikuwa ya vitabu: viwango vya Ulaya vya EN 1176 vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, na EN 1177 vya sakafu za kuangukia. Walijifunza ngazi tatu za ukaguzi: wa macho unaofanywa mara kwa mara, hata kila siku, wa uendeshaji kila mwezi mmoja hadi mitatu, na ule mkuu wa mwaka. Waliosoma pale walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa ngazi ya kati wa rejesta ya wakaguzi, RPII. Lakini mwalimu mwenyewe, mzee mrefu mwenye magoti yaliyovaa ngozi kama ya watandika matofali, alionekana kuivumilia siku ile tu. Kazi yake iko nje.

Ndani ya geti alitandaza turubai la kijani, akapanga vifaa vyake kwa mstari: futi ya chuma, lefeli, bisibisi pana, nyundo ndogo ya mbao, mwiko wa kufukulia, tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno, kalipa ya kupimia unene, vijiti viwili vya vidole, kimoja cha milimita 8 na kingine cha 25, na vipimio viwili vizito nitakavyovieleza baadaye. Akavihesabu kwa kuvigusa kimoja kimoja. Kumi na viwili. Akamwambia mhudumu wa shule aandike hesabu hiyo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya tarehe.

Ndipo akapiga magoti kwenye nguzo ya kwanza.

Nguzo ya mbao haiozi juu panapoonekana, wala haiozi chini kabisa. Inaozea pale udongo, maji na hewa vinapokutana, kiasi cha kiganja chini ya ardhi, na hapo ndipo jicho halifiki. Mwalimu aliyasogeza magome ya miti yaliyotandazwa, akatafuta kwanza alama iliyochongwa na mtengenezaji kuonyesha sakafu inapotakiwa kufika. Aliipata ikiwa juu ya magome kwa vidole vinne, maana yake magome yamepungua. Akafukua kwa mwiko, kidogo kidogo, udongo akiuweka upande mmoja na magome upande mwingine ili kila kitu kirudi kilikotoka. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, akaigonga nguzo kwa nyundo: juu, katikati, chini, akizunguka. Sikio lake lilikuwa karibu na mbao, macho yakitazama mbali. Ukimwona mama wa Kiafrika sokoni akigonga nazi kwa kucha kabla ya kuilipia, utaujua uso ule. Mbao nzima ililia kavu. Upande wa kaskazini, usiopata jua, mlio ukabadilika, ukawa mzito. Hakusema neno. Akampa seremala mstaafu nyundo, akamwacha agonge mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yule mzee akainua kichwa na kusema, "Hapa."

Baada ya hapo tu ndipo ikaja bisibisi. Aliisukuma kwa uzito wa mkono bila kuipiga. Iliingia milimita sita, ikagoma. Uozo ulikuwa wa juu juu, moyo wa nguzo bado mgumu. Wakaandika kina, upande na urefu kutoka kwenye alama, ili atakayekuja baada ya miezi mitatu achomeke bisibisi mahali pale pale na ajue kama uozo umetembea. Nguzo ile ilikuwa na wenzake watatu wa kusaidiana. Kifaa kinachosimama kwa nguzo moja, mwalimu alisema, hufukuliwa kila mwaka hata kama jana kilionekana kizima, kwa sababu kikianguka hakina wa kukishika.

Magome yenyewe yalichukua nusu saa. Aliwapa kijiti chenye alama, akawaagiza wachome mahali tisa kuzunguka bembea na kuandika kila kina. Pembeni yalikuwa sentimita 31, 30, 28. Chini ya viti, pale miguu inapokwaruza kila siku, yalikuwa sentimita 11. Kiwango kinataka sentimita 20 kwa anguko la mita 2, na 30 kwa anguko la mita 3, kisha huongezwa 10 nyingine juu yake, kwa kuwa waandishi wa kiwango wanajua kwamba watoto huyakimbiza magome kwa miguu. Mahali penye sakafu ya mpira, kina hakisemi kitu. Huko maabara huangusha nusu tufe la alumini la kilo 4.6, lenye kihisi ndani, kutoka urefu unaoongezwa hatua kwa hatua, na kusoma kipimo cha madhara ya kichwa kiitwacho HIC. Kikifika 1000, urefu ule ndio mwisho wa sakafu ile. Mkaguzi wa kawaida hatembei na chombo hicho. Anatembea na kijiti, na anachoma mahali tisa.

Kwenye bembea ndipo fundi wa kinga alipong'aa. Mwalimu aliwataka wote wakae kimya, akakisukuma kiti kitupu kwa kiganja. Kikaenda, kikarudi. Akakisukuma tena. Kila mmoja akatakiwa aseme anachosikia. Wengi walisikia mnyororo. Yule bwana wa Lubumbashi alikuwa amefumba macho, mkono wake umeshika nguzo. "Beringi ya kushoto imekauka," akasema, "na ndani kuna mchezo." Mwalimu akamtazama kwa muda, kisha akamkabidhi ngazi.

Nilipanda nyuma yake kuangalia. Ukiitazama pingili ya juu ya mnyororo ikiwa imening'inia, huoni kitu: chuma cha kijivu, rangi imebanduka kidogo. Kinachoumia kimefichwa pale pingili inapokalia pini. Inabidi uunyanyue mnyororo kwa mkono mmoja, uupunguzie uzito, uisukume pingili pembeni kwa kidole gumba, na umulike kwa tochi. Hapo pini ilikuwa imechimbika umbo la mwezi mwandamo, iking'aa kama fedha, laini, safi, bila hata chembe ya kutu, kwa sababu kutu haipati nafasi mahali panaposuguliwa mchana kutwa. Kalipa ilisema milimita 7 na nukta mbili. Karatasi ya mtengenezaji ilisema pini mpya ni 10. Yule bwana alipima mara tatu, akiifunga kalipa kwa upole kila mara, na mara zote tatu jibu likawa lile lile. Alishuka ngazi akiwa amenyamaza.

Nami nilinyamaza, kwa sababu yangu. Katika chekechea niliyosoma Tanga kulikuwa na bembea ya chuma iliyoning'inizwa kwa kulabu. Tulikuwa tunapanga foleni. Siku moja kulabu ilikatika msichana mwenzangu akiwa juu, akavunjika mkono, na bembea ikang'olewa yote, tukabaki na nguzo mbili tupu zilizosimama pale hadi nilipohama. Watu wazima walisema ni bahati mbaya. Sasa, nikiwa juu ya ngazi, nilijua umbo la kitu kilichokuwa ndani ya kulabu ile, na kwamba kilichukua miaka kuchimbika, kila siku kidogo, kikimsubiri mtu mmoja anyanyue mnyororo na kumulika.

Mwalimu hakung'oa bembea yote. Alishusha kiti kile kimoja pamoja na minyororo yake, kwani mnyororo ukiachwa unaning'inia peke yake watoto huusokota shingoni, akaifunga lebo yenye tarehe na sababu. Bembea ya kulia ilipimwa kwa uvumilivu ule ule na ikapita: pini nzima, matundu ya pingili hayazidi milimita 8.6 ili kidole kisinase, kiti kimeacha nafasi ya milimita 350 na zaidi kutoka chini hata mtu mzito alipoketi. Ikabaki.

Sasa vile vipimio viwili. Cha kwanza ni kipande cha plastiki ngumu cha milimita 89 kwa 157. Hicho ni kiwiliwili cha mtoto mdogo. Cha pili ni sahani nene ya duara yenye kipenyo cha milimita 230. Hicho ni kichwa cha mtoto mkubwa. Vyote viwili vina mpini, na mwalimu huvibeba chini ya kwapa, kimoja kila upande.

Sheria yake ni fupi, na nilichelewa kuielewa. Tundu lolote lililozungukwa pande zote, lililo juu ya sentimita 60 kutoka chini, linajaribiwa kwanza kwa kiwiliwili. Kikigoma kuingia, sawa: mtoto hawezi kupita. Kikiingia, na kichwa nacho lazima kipite. Tundu la hatari ni lile linalokubali mwili na kukataa kichwa, kwa kuwa watoto hujipenyeza kwa miguu kwanza. Miguu inapita, nyonga inapita, kifua kinapita, kisha mtoto ananing'inia kwa kidevu na miguu yake haigusi kitu.

Kwenye jumba la kupandia, mwalimu alikwenda tundu baada ya tundu. Alikilaza kiwiliwili sambamba na uwazi, akakigeuza, akakiegemea kwa nguvu ya niutoni 222, karibu uzito wa kilo 23, nguvu ambayo mkono wake umekwisha kuikariri. Aliacha wanafunzi wakosee. Kijana mmoja wa halmashauri alipita haraka kwenye ngazi ya kamba, akasema yote mazuri. Mwalimu hakumkosoa. Alimwomba tu apande yeye mwenyewe, aketi juu ya ngazi, na kamba zivutike kwa uzito wake. Uwazi uliokuwa unakataa kiwiliwili ukapanuka, ukakikubali. Kichwa kikagonga, kikabaki nje. Kijana akakitazama kile kipande cha plastiki kimening'inia kwenye kamba kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote siku ile. Kisha akashuka, akarudi mwanzo, akaanza upya na tundu la kwanza.

Mhudumu wa shule aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo: kama ni usalama, mbona jumba lenyewe liko juu hivi? Kiwango kinaruhusu mita 3 za anguko. Mwalimu alikaa ukingoni mwa jukwaa kumjibu, na ni mara moja tu siku ile niliyomwona ameketi. Alisema urefu mtoto anauona. Anausikia tumboni, anaupima, anaamua kupanda au kushuka, na kesho anapanda hatua moja zaidi. Hilo hulindiwa sakafu, halifutwi. Tundu la kichwa mtoto halioni, pini iliyolika haioni, nguzo iliyooza haioni, na hizo ndizo anazotafuta yeye. Mkaguzi asiyejua kutofautisha hayo mawili, alisema, ataziharibu siku za watoto wa mji mzima kwa kalamu moja. Nilikumbuka sikukuu za Idi Mnazi Mmoja, Unguja, watoto wakipiga kelele angani juu ya bembea, kelele za hofu na raha kwa pamoja, na nikaona ni kweli: ile hofu ndiyo waliyoifuata.

Mtelezo ulikuwa na jaribio lake, dogo na zuri. Kutoka kwenye fimbo aliteremsha mnyororo mwembamba wenye kijiti cha plastiki mwishoni, mfano wa kifungo cha koti kilichofungwa kwenye uzi wa kofia. Akakipitisha polepole juu ya kila kiungo mahali mtoto anapoketi na kuanza kushuka, upande wa kushoto, upande wa kulia, akikiacha kidondoke kwa uzito wake chenyewe. Mahali kitakaponasa ndipo uzi wa koti ungenasa, mwili ukiendelea kushuka. Kulia, chini ya boliti, kilinasa. Alikinasua, akarudia. Kikanasa tena. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Ripoti iliandikwa pale pale, daftari juu ya magoti. Alikataza neno "mbovu", akakataza "si salama", akakataza "inaonekana". Badala ya "bembea mbovu" alitaka: bembea ya kushoto ukiwa unatazama kutoka getini, pini ya juu, upande wa ndani, milimita 7.2, kiti na minyororo vimeshushwa, saa na tarehe. Fundi wa kinga aliandika ya kwake kwa Kiingereza, akaniuliza pembeni kwa Kiswahili kama sentensi imenyooka. Ilikuwa imenyooka.

Kufika saa tisa watoto wa shule walikuwa wamekwisha kujazana nje ya uzio, sare za bluu, mabegi yametupwa kwenye nyasi. Mwalimu alirudisha udongo kwenye shimo la nguzo, akaushindilia kwa kisigino tabaka kwa tabaka, akamalizia na magome hadi kwenye ile alama. Akaenda kwenye turubai, akaanza kuhesabu kwa kugusa. Kumi na kimoja. Akahesabu tena. Kijiti cha milimita 8 hakikuwepo.

Hakuna aliyelalamika. Tulirudi wote tisa, tukapiga magoti kwa mstari chini ya bembea, tukayachambua magome kwa vidole, kiganja baada ya kiganja, watoto wakitutazama kupitia vyuma vya uzio na kuuliza kama tumepoteza pete. Seremala ndiye aliyekipata, karibu na mguu wa ngazi. Mwalimu akakifuta kwa shati, akakilaza mahali pake, akahesabu kumi na viwili, akalikunja turubai.

Kisha akafungua geti. Mtoto wa kwanza alipita mbio bila kutuangalia, akasita kidogo mbele ya nafasi tupu ya kushoto, akakimbilia bembea ya kulia.